Kompyuta ya Mama Yaanza Kusema Kiswahili

Mama yangu anaitwa Mboni. Ana duka la kuchapa pale Butimba, karibu na chuo cha walimu. Duka lina kompyuta moja, printa moja, na mimi, Nusrat. Kazi yangu ni kubana kurasa pini na kuwachekesha wateja printa ikigoma.

Mama anachapa haraka kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alianzia kwenye taipureta. Macho hukaa kwenye karatasi ya mteja, vidole vinajua njia. Hata mwandiko kama kuku amepita na tope miguuni, yeye anausoma.

Ila ana ugonjwa mmoja. Kompyuta ikimuuliza swali, anakubali. Maswali huja kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Mama kiliishia kwenye salamu.

"Mama, imeuliza nini?" nilimwuliza siku moja.

"Sijui. Imeuliza kwa adabu, nimeikubalia."

"Na ikiuliza kama inaweza kumwoa Nusrat?"

"Hiyo nitaikubalia mara mbili."

Jumanne moja alikuja Selina, mwanachuo wa mwaka wa mwisho. "Shikamoo, Mama Nusrat."

"Marahaba, mwanangu. Ripoti yako nimemaliza. Kurasa arobaini na mbili. Bado kuprinti tu."

Selina alifurahi, akatoa flashi. "Naomba na kopi humu."

Mama aliichomeka. Swali likatokea kwenye kioo. Mama akakubali. Kioo kikazima, kikawaka. Alipofungua sehemu ya kazi za wateja, haikuwa na kitu. Ripoti ya Selina haipo. Kazi za wateja wengine hazipo.

"Tuchape upya," Selina alisema. "Karatasi zangu za mwandiko ziko wapi?"

Mimi na Mama tulitazamana. Dukani kwetu, kazi ikishachapwa, karatasi za mwandiko huenda kwa jirani yetu Hellen, muuza maandazi. Saa ile ripoti ya Selina ilikuwa imeshafungia maandazi mpaka Mkuyuni.

Selina alikaa kwenye benchi, akalia. "Mwisho wa kukusanya ni Ijumaa. Nisipokusanya, narudia mazoezi ya kufundisha mwakani."

Mama alifunga mlango wa duka mchana kweupe. "Miaka kumi na tisa," aliniambia polepole. "Hakuna mteja aliyewahi kulia dukani kwangu."

Nilitoka mbio kwenda kwa Dada Kashindye, jirani yetu fundi wa kompyuta. Nilimfuata kwa sababu mbili. Kwanza, kazi anaijua. Pili, yeye ni Msukuma, na Mama kwa baba yake ni Mzaramo. Ni watani. Mtu mwingine akimwambia Mama amekosea, huyo hana adabu. Mtani akimwambia, ni haki yake.

Dada Kashindye aliikagua kompyuta. "Nani alikuwekea programu humu?"

"Kijana mmoja wa mjini. Alisema ni zilezile za dukani, ila yeye amezivunja kufuli."

"Na kinga ya virusi?"

"Aliizima. Alisema inazuia programu zake zisikae."

Dada Kashindye alishika kiuno. "Wazaramo bwana! Mnamkaribisha mwizi sebuleni. Akilalamika kwamba mbwa anambwekea, mnamfunga mbwa!"

Nilisubiri Mama akasirike. Alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu asubuhi. "Na nyie Wasukuma, mbwa anakunywa maziwa kabla ya watoto. Tengeneza, acha maneno."

Dada Kashindye alizima kompyuta, akachomeka flashi yake mwenyewe, akaiwasha. Sura mpya ikatokea kwenye kioo.

"Hii inaitwa Linux," alisema. "Ni mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Sasa hivi unafanya kazi kutoka kwenye flashi yangu. Vitu vyako sijavigusa."

Alibonyeza vitufe viwili. Mafaili yakajitokeza, moja baada ya jingine, kama dagaa wameanikwa.

"Hayakufutwa," alieleza. "Virusi viliingia na flashi ya Selina, vikayaficha. Mfumo huu haukubali hila za virusi vya aina hii, ndiyo maana tunayaona. Mshukuru Mungu. Viko virusi vingine vinavyofunga kila kitu, na hapo hata mtani hakusaidii."

Selina alisukuma uso wake mpaka karibu na kioo. Akahesabu kurasa. Arobaini na mbili! Alipiga kigelegele, Hellen akaja mbio akidhani kuna harusi.

Mama yeye alikuwa bado anawaza. "Nifanyeje virusi visirudi tena?"

"Achana na programu zilizochakachuliwa. Tumia programu huria."

"Huria ndiyo ya bure? Cha bure kina kasoro."

"Mzaramo, kukata viazi na kuvianika viwe michembe ulifundishwa na nani?"

"Na mama yako."

"Alikuuzia hayo mapishi?"

"Aniuzie kwa lipi?"

"Na hiyo michembe yako ina kasoro?"

"Nyumba nzima wanaigombania," nilijibu mimi, maana ni kweli.

"Basi. Mwenye programu huria ametoa na mapishi yake. Unaruhusiwa kuitumia, kuchungulia ilivyotengenezwa, kuibadilisha na kumpa jirani. Mafundi wengi wanachungulia, na wakiona kosa wanarekebisha. Lakini ile iliyochakachuliwa ni chungu cha wizi kimefunikwa. Hujui aliyekiiba ametia nini."

"Kwa hiyo Linux haipati virusi?" niliuliza.

"Inaweza kupata. Ni mara chache, lakini usilale. Sasisha programu zako. Kagua flashi za wateja. Kila jioni weka kopi ya kazi kwenye diski ya nje, ikalale nyumbani. Kazi ya mtu isikae mahali pamoja tu. Na wewe mama, usikubali swali usilolielewa!"

Mama aliinamisha kichwa. "Hapo ndipo pananishinda. Kiingereza."

"Ah! Programu huria mtu yeyote anaweza kuitafsiri, na watu wameshaanza." Alifungua programu ya kuchapia, akabadilisha lugha. Maneno ya juu yakageuka: Faili. Hariri. Tazama.

Mama alivaa miwani. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Kumbe siku zote ilikuwa inasema hivi tu?"

Tulijaribu printa kwanza. Dada Kashindye alisema ikikataa, hatuhami. Haikukataa. Jumatano aliweka mfumo mpya moja kwa moja. Jedwali moja la ripoti lilikuwa limesogea, Mama akalinyoosha. Kisha kompyuta ikauliza: Unataka kulifuta faili hili?

Mama alisoma mara mbili. "Sitaki!" alisema, akabonyeza Hapana.

"Mama, leo huna adabu," nilimwambia.

"Adabu nimeacha. Lete karatasi."

Ijumaa asubuhi Selina alikusanya ripoti yake. Wiki iliyofuata alituletea wenzake sita.

Sasa kulikuwa na jambo moja lililomkera Mama. Baadhi ya sentensi kwenye programu zilikuwa bado za Kiingereza. Dada Kashindye alimwambia kwamba watafsiri ni watu wa kujitolea, na hata yeye anaweza. Wakawa wanakaa pamoja Jumapili. Dada Kashindye anaeleza maana, Mama anatafuta Kiswahili ambacho mteja wa Butimba atakielewa bila kukuna kichwa. Walibishana, walitaniana, walituma sentensi kumi na moja kwa mtandao. Watafsiri wenzao walizipitia. Mbili walizikataa. Tisa walizikubali.

Mwezi uliopita tulisasisha programu. Mama alikuwa anamchapia mwanachuo mmoja huku benchi limejaa wanaosubiri. Sentensi ikatokea kwenye kioo: Kazi yako bado haijahifadhiwa. Ihifadhi kwanza.

Mama aliacha kuchapa.

"Kiswahili kizuri hicho," yule mwanachuo alisema. "Ameandika nani?"

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mimi. Mboni binti Muharami, wa hapahapa."

Watu wote walisimama wakasogea kuona. Nami nilitafuta la kuwachekesha, sikulipata. Nikavuta benchi pembeni, ili na wale wa nyuma wasome.