Kana ya Mashua ya Bluu

Kana ilikuwa imelowa, na mvua haikuwa imenyesha tangu juma lililopita.

Kinyozi aliitoa kwenye mfuko wake wa turubai, akaigeuzageuza mkononi. Kana ndiyo ule mkono wa mti unaoshikwa nyuma ya mashua kuongozea usukani, na hii alikuwa ameifuta mwenyewe jana, akaifunga, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa saluni. Sasa maji yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kiwiko, baridi, yananuka tope la chini kabisa la ziwa.

Mtu mwingine angeita jirani aje aone. Yeye alichukua taulo la wateja, akaifuta harakaharaka huku anaangalia mlango. Maana kana ile haikuwa yake.

Mashua yenyewe pia haikuwa yake. Ilikuwa ya shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, fundi bomba mwenye maneno mengi na roho nyeupe. Kilikuwa kimashua cha tanga moja, cha kujifurahishia tu, watu wawili wakikaa kimejaa. Siku za mapumziko shemeji alimchukua kinyozi wakashuka ziwani, kwenye klabu ya wenye mashua ndogondogo, akamfundisha.

"Haya. Unataka kwenda kulia. Kana unaisukuma wapi?"

"Kulia."

"Basi jiandae kuoga."

Na kweli mashua iligeukia kushoto, tanga likahama upande kwa kishindo, ule mti wake wa chini ukamgonga kinyozi kisogoni.

"Kushoto, shemeji yangu. Ukitaka kulia, sukuma kushoto. Wewe kutwa unanyoa watu kwenye kioo, mambo ya kinyumenyume si ndiyo kazi yako?"

"Kwenye kioo hakuna kinachonigonga kisogoni."

Walicheka wote wawili. Lakini gatini nako watu walikuwa wanacheka, na kicheko cha gatini hakikuwa na undugu. Wakampa jina, Nahodha wa Beseni. Jina likapanda naye mjini, likaingia saluni, likakaa kwenye kiti pamoja na wateja. "Nahodha wa Beseni, nipunguzie hapa pembeni, ila usinigeuze upande." Alicheka nao, mkasi mkononi, masikio yanamuwaka moto.

Kilichomuuma zaidi ni mkewe. Mkewe alikuwa mfuma sweta, akija gatini na nyuzi zake, anakaa kwenye benchi anafuma. Watu walipocheka, yeye hakucheka. Aliinamisha uso, akaanza kuhesabu vishono ambavyo havikuwa na haja ya kuhesabiwa.

Sasa, mashua haitaki kuendeshwa tu, inataka kutunzwa kama mtoto mchanga. Shemeji alikuwa amemwachia kazi hiyo: tanga likaushwe kabla ya kukunjwa, kamba zioshwe matope, na kana isiachwe nje hata kidogo. "Hiyo kana," shemeji alimwambia, "nimeichonga kwenye ubao wa kitanda cha marehemu baba yetu. Ipigwe msasa, ipakwe vanishi, ilale ndani."

Kinyozi akaisahau nje. Basi tu, kazi zilimzonga, mvua ikanyesha mfululizo, na aliporudi ziwani akakuta mti umevimba, umepasuka kutoka kichwani hadi kitakoni. Alipoushika, ukamkatikia mkononi.

Angesema siku ile, yangekwisha siku ile. Shemeji angefoka, mkewe angenuna, jioni wangekula pamoja. Lakini aliona ile mikono ikimnyooshea kidole gatini, Nahodha wa Beseni ameua na kitanda cha baba mkwe. Roho ikamsinyaa.

Nyuma ya banda la klabu palikuwa na mashua nyingine, ya bluu, imefunikwa kifudifudi kwenye majani. Umbo lake na la mashua ya shemeji ni moja. Hakuna aliyeigusa. Mwenyewe alitoka nayo mchana mmoja, ziwa limetulia tuli, na mashua ikarudi peke yake hadi gatini, kavu, tanga limekunjwa vizuri kama shuka, mwenyewe hayumo. Mlinzi wa klabu alipoulizwa habari zake alikuwa na jibu moja tu: "Alikuwa hodari yule bwana. Alijifunza siku moja."

Kinyozi aliingiza mkono chini ya mashua ile, akapapasa, akachomoa kana yake. Aliipeleka saluni, akafunga mlango mchana kweupe, akaipiga msasa mpaka rangi ya bluu ikaisha, akaipaka vanishi. Ile iliyovunjika akaisukuma nyuma ya kabati la mashine za kunyolea. Shemeji alipoiona ile mpya aliisifu. "Umeing'arisha kweli. Baba angefurahi."

Kinyozi akasema asante.

Siku hiyohiyo walipoingia majini, akasukuma kana kulia, kwa kosa lake lilelile, akajikunja kungoja kishindo. Hakikuja. Mashua iligeukia kule kule alikokuwa anatazama. Akasukuma kushoto, ikaenda alikotaka. Akaiacha kabisa, na kana ikajisogeza yenyewe chini ya kiganja chake, taratibu, kama paka anayejisugua. Na chini ya kiganja kile, katikati yake na mti, akahisi vidole vingine. Vyembamba, vya baridi, vimelowa.

"Shemeji," alinong'ona.

"Usiongee, tazama tanga. Mwenyezi Mungu wangu, umeiva leo."

Walipofika gatini watu walisimama. Na mkewe aliinua uso. Aliacha kufuma, akamtazama mumewe mbele za watu wote kwa macho ambayo hakumtazama nayo tangu wachumbiane. Kinyozi alikuwa amekusudia kuitupa ile kana ziwani. Macho yale yakamzuia.

Beseni likaanguka kwenye jina, likabaki Nahodha. Alipanda machoni pa watu, na kila aliposifiwa alijisikia kama mtu aliyevaa nguo ya maiti, inamkaa vizuri, na hawezi kumwambia mtu ameitoa wapi. Ndipo kana ikaanza kulowa msumarini. Ndipo saluni ikaanza kunuka tope, hata apige deki na dawa. Wateja walinusa, wakatazama viatu vyao. Nyuma ya kabati, ile kana iliyovunjika ilikuwa inadondosha maji, ti, ti, ti, na yeye akipandisha redio.

Mchana mmoja alikuwa na mteja wa ndevu, mwenye duka la baiskeli, mtu mnene mwenye usingizi mwepesi. Alimlaza kwenye kiti, akamfunika uso kwa taulo la moto, akageuka kunoa wembe. Redio ikakwama. Mvuke wa taulo ukakatika ghafla, na lile taulo jeupe likaanza kuwa zito, likamgandama mteja usoni, likachora tundu za macho na pua nyembamba ambayo haikuwa ya mwenye duka la baiskeli, na maji ya kijani yakaanza kuteremka shingoni yakidondoka sakafuni, na mahali pa mdomo kitambaa kikaingia ndani, kikatoka, kikaingia ndani, kikatoka, mpaka sauti ikapita humo, ya upole, kama mtu anayeomba kupishwa njiani.

"Mimi nakaa nyuma, nakuongozea. Mbele yupo nani?"

Kinyozi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kioo.

"Yule anayefuma. Mlete akae mbele."

Hapo palikuwa na neno moja tu la kusema, nanyi mnalijua. Hapana. Mtu halifikirii neno hilo, linatoka lenyewe mtu anapoombwa mke wake. Lakini kinyozi aliona gati, akaona watu wamesimama, akaona yale macho ya mkewe, akajua akisema hapana, kesho mashua itageukia kushoto.

"Ngoja," alisema.

Taulo likadondoka. Mwenye duka la baiskeli akafumbua macho, mekundu kwa usingizi. "Ningoje nini, Nahodha? Mbona umesimama huko mbali na wembe?"

Jioni ile kinyozi alitapika. Neno lake mwenyewe lilikuwa linamrudi kooni. Mkewe alimpelekea maji, akamshika mgongo.

"Una nini, baba watoto?"

"Tumbo tu."

Kesho yake alifunga saluni akaenda kwa mganga wa majini, bibi mmoja aliyekaa ghorofani juu ya duka la misumari. Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Kaa hapohapo mlangoni. Unanuka tope."

"Bibi, nina..."

"Najua ulicho nacho. Kimekuwekea mkono, siyo? Kinakushikia kazi usiyoiweza." Akatoa jiwe kwenye mchele, akaliweka pembeni. "Hicho hakitaki ubani wala mnyama wa kuchinja. Kinakula aibu. Kadiri unavyoficha, kinanenepa."

"Nifanyeje?"

"Rudisha ulichochukua, mchana, wale uliowadanganya wakiwa wanatazama. Halafu sema. Sema yote, mwanangu. Ukibakiza neno moja, nalo dogo, kitahamia humo kwenye neno."

Siku ya mapumziko alikwenda. Alibeba kana zote mbili kwapani, iliyovunjika na iliyoibwa, akasimama gatini mbele ya klabu nzima. Alianza katikati ya habari, akajikanganya. Akaanza upya. Alisema alivyoiacha nje kana ya marehemu, alivyoivunja, alivyoiba ya mashua ya bluu. Alisema kuendesha hajui, hakuwahi kujua, kuna mkono uliokuwa unamwendeshea. Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikaenea.

Shemeji alikipokea kile kipande kilichopasuka, akakipapasa kama anayepapasa goti la mtoto aliyeanguka. "Ungeniambia," alisema polepole. "Mti tu huo. Ningechonga mwingine." Na hilo lilimchoma kinyozi kuliko vicheko vyote.

Mkewe alikuja akasimama ubavuni kwake. "Ndiyo yote?" alimwuliza kwa sauti ya chini.

Kinyozi alimtazama. Neno lilikuwa pale, nyuma ya meno. Kimeniomba wewe, na mimi sikukataa. Angemwambiaje mwanamke aliyekuja kusimama naye siku ambayo hakuna mwingine aliyesimama? Mchana huu ameshavuliwa nguo zote, avuliwe na ngozi?

"Ndiyo yote," alisema.

Akairudisha kana chini ya mashua ya bluu. Wakamtia kwenye mashua ya shemeji na kijiti cha kuazima, akasukuma kulia, ikaenda kushoto, akazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, watu wakashika mbavu. Lakini mkono wake ulikuwa peke yake, mkavu, na kinyozi alilia kwa raha. Saluni ikaacha kunuka. Nyuma ya kabati pakakauka.

Alichonga kana mpya kwa mikono yake, mti mpya kutoka kwa muuza mbao, shemeji akimwelekeza. Akaipiga msasa mpaka ikawa laini kama shavu. Akaipaka vanishi, akaiacha ikauke, akaipaka tena. Nyumbani walirudi kutaniana. Ndipo mkewe akasema siku moja, sindano zikiwa mkononi, "Na mimi nataka kujaribu. Wakinicheka, tutakuwa wawili."

Shemeji alifurahi. Alimfundisha dada yake kwenye maji ya kina kifupi, kisha akashuka, akaisukuma mashua kidogo. "Nenda hadi kwenye boya, urudi. Ukikwama nakufuata."

Kinyozi alisimama gatini kati ya watu, anatabasamu, tayari kucheka kwa upendo. Mkewe alitaka kwenda kulia. Kinyozi alimwona akitazama kulia, kwenye boya. Na alimwona waziwazi, kwa mkono wake wa kufumia, akiisukuma kana kulia, kosa lilelile la kila anayeanza.

Mashua ikaenda kulia.

Akaisukuma kushoto, ikalizunguka boya vizuri, kama uzi unavyozunguka kidole. Watu wakaanza kupiga makofi. Mkewe hakuwaangalia. Alikuwa ameinamia mkono wake juu ya kana, ametulia mno, uso umebadilika, kama mtu anayesikiliza mwenzake akimnong'oneza. Kisha akauondoa mkono, akaupangusa kwenye sketi, ukaacha alama nyeusi ya maji. Kana iliendelea kwenda bila yeye. Akainuka taratibu, akavuka ubao wa katikati, akaenda kukaa mbele. Na nyuma, pale alipotoka, mashua haikunyanyuka kama inavyonyanyuka mtu akihama. Ilizidi kuzama.

"Tazama mambo hayo," mlinzi wa klabu alisema nyuma yake. "Huyu naye amejifunza siku moja."

Mashua ikageuza uso wake kuelekea katikati ya ziwa.

Kinyozi alifungua mdomo. Watu wote wakamgeukia, na shemeji akamgeukia, bado anacheka, makofi mkononi. "Unasemaje, shemeji? Sikukusikia."

Neno lilikuwa palepale lilipoachwa. Lilikuwa limelowa sasa, zito, baridi, linamjaa kinywani na ladha ya tope. Macho yote yalikuwa juu yake.

"Hakuna," alisema. "Nasema upepo unamsaidia."

Shemeji aligeuka kulitazama tanga. Lilikuwa limelala kwenye mlingoti, halitikisiki hata kidogo, na mashua inazidi kwenda.