Gauni la Chumba cha Juu

Haya hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalimpata wifi yangu, mke wa kaka, na mimi nilikuwepo, mkasi mkononi. Atakayesema natia chumvi aje aniambie usoni.

Wifi ni fundi wa kushona, na mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi ni msaidizi wake. Nafumua, natia vifungo, napiga pasi, nazozana na wateja wanaoleta kitambaa leo na kutaka nguo jana. Kaka ananiita Mpelelezi kwa sababu nashuku kila kitu, na hajakosea. Mtu akinichekea sana, nageuka kwanza kuangalia kama mkoba wangu bado umefungwa.

Mwaka ule Fundi alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kliniki walishampima kwa mashine ya picha wakaona mapacha. Alikuwa amengoja miaka minane, yeye na kaka, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyemwacha ainue hata ndoo. Ilipokuja oda ya mapazia ya gesti moja ndogo kwenye mji wa kale, mama yangu alikataa kabisa. Fundi akambembeleza mpaka akalegea. Siku ya safari mama alinishika mkono mbele ya watu wote.

"Unaondoka nao watatu," alisema. "Urudi nao watatu."

Gesti yenyewe ilikuwa nyumba nyembamba ya ghorofa tatu, kuta nene, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Ilikuwa na vyumba sita vya wageni, na hakuna dirisha lililolingana na jingine, ndiyo maana tulitakiwa kushonea palepale. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, msafi, mpole, mwenye sauti ya chini. Alitupa chumba cha chini kilichoelekea uani, akatuwekea cherehani karibu na dirisha, akamletea Fundi mto wa kuegemea mgongo. Kisha akamwangalia tumboni.

"Wako wangapi?" akauliza.

Watu huuliza mimba ina miezi mingapi. Huyu aliuliza wako wangapi. Nilimkanyaga Fundi mguu, nikawa nimechelewa.

"Wawili, mama," Fundi akajibu, meno yote nje.

Kesho yake yule mama alikuja na kitambaa laini cha buluu. Alisema binti yake yuko chumba cha juu kabisa, naye ni mjamzito, daktari amemkataza kutoka kitandani. Alitaka ashonewe gauni pana la kukaa nalo ndani.

"Nipande nikampime?" Fundi akauliza.

"Hapendi kuguswa, mwanangu. Umbo lenu ni moja. Jipime wewe, litamkaa."

Sasa, mafundi hufanya hivyo kila siku. Mteja asipokuwepo, unatafuta mtu wa umbo lake unamjaribishia, na hakuna anayeona ajabu. Fundi akajipima, akakata, akaunga kwa pini, akalivaa gauni lile juu ya nguo zake. Mimi nikapiga magoti nikachora chaki mbele ya tumbo lake. Hapo ndipo tulipokosea, na chaki niliishika mimi. Jioni gauni likapelekwa juu.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana lilirudi.

"Linambana tumboni," mwenye nyumba akasema. "Liongeze kidogo."

Nilipolipokea lilikuwa na vuguvugu, kama shuka mtu anapotoka tu kitandani. Nililigeuza ndani nje. Kwapani hapakuwa na jasho, shingoni hapakuwa na unywele hata mmoja. Nilifumua pembeni kulia na kushoto, Fundi akaongeza upana wa kidole kila upande, likapanda tena juu.

Siku ya pili yake likarudi. Linambana. Tukaongeza tena.

"Mimba gani hii inayokua kwa siku?" nikamuuliza Fundi.

"Wewe nawe. Labda tulikosea kipimo."

"Umewahi kukosea kipimo lini?"

Alicheka tu. Alikuwa na raha kweli. Miguu haikumvimba tena, kichefuchefu kimekwisha, analala kama mtoto. Aliniambia nyumba ile ina baraka. Mimi nilikuwa naangalia sketi yake, ile ya kufunga kwa kamba. Tulipofika, ncha za kamba zilikutana kwa taabu akafunga fundo dogo. Siku hiyo alifunga kitanzi kizuri, na mikia ya kamba ikaning'inia mpaka mapajani.

"Watoto wanacheza?" nikauliza.

"Wamelala tu siku hizi. Wamechoka na safari."

"Safari ya siku tatu zilizopita?"

"Wifi, usinitie presha."

Machale yalishanicheza. Siku iliyofuata nilichukua kikapu cha vifungo nikaenda kukaa chini ya ngazi, eti natafuta mwanga. Nilikaa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Haikupanda sahani wala haikushuka ndoo. Mjamzito gani hali wala haendi haja? Saa saba mwenye nyumba akapita na gauni mkononi, akitabasamu. Alikuwa analirudisha kwa mara ya tatu. Kitambaa cha akiba kilikuwa kimekwisha ndani ya mshono, ikabidi Fundi aunge kipande kipya kila upande.

Gauni lilipokwisha mwenye nyumba alilipandisha mwenyewe, kisha akaniambia anakwenda sokoni. Fundi alikuwa amejinyoosha kitandani. Nikampiga jicho tumboni. Nilijua tumbo lile kwa kipimo cha chaki yangu mwenyewe. Lilikuwa limepungua.

Nikapiga moyo konde, nikapanda.

Mlango wa chumba cha juu haukufungwa. Ndani kulikuwa na kitanda cha mbao, hakina godoro. Vumbi lilikuwa zito sakafuni, na nyayo zilikuwa za kandambili za mtu mmoja tu, kutoka mlangoni mpaka ukutani na kurudi. Ukutani kulikuwa na msumari. Kwenye msumari kulikuwa na henga ya nguo. Kwenye henga kulikuwa na gauni letu.

Tumbo la gauni lilikuwa limejaa.

Nilidhani amelitia mto. Nilijisemea sasa nimekukamata, mama. Nikainua pindo nichungulie. Hapakuwa na mto. Hapakuwa na kitu. Niliuona ukuta. Nikashusha pindo, na tumbo likawa palepale, mviringo, limeivuta ile buluu mpaka nyuzi zikaonekana.

Nikaweka kiganja. Pagumu. Pana joto.

Likanipiga teke. Kushoto. Halafu kulia.

Sijui kwa nini sikupiga kelele. Nadhani ni kwa sababu niliwatambua. Jioni ngapi Fundi alinishika mkono akauweka tumboni pake nisikie? Walikuwa wao. Mmoja hupiga kwa nguvu, mwenzake hupiga kama anabisha hodi. Walikuwa wao, na walikuwa wametundikwa kwenye msumari.

Wembe ulikuwa mfukoni. Nilifikiria kulichana. Lakini ningechana nini? Sindano yenye uzi huwa naichomeka kifuani kwenye blauzi, kazi yetu ndivyo ilivyo. Matundu ya mshono wa kwanza yalikuwa bado yanaonekana kwenye kitambaa. Nikaanza upande wa kushoto. Nikafumua kile kipande kipya, nikaurudisha mshono ulipokuwa siku ya kwanza, kwa mkono, tundu kwa tundu.

Upande ule ukaanza kunywea. Taratibu. Nilishona, ukanywea. Chini nikamsikia Fundi akiguna usingizini, mguno wa mtu anayebebeshwa mzigo. Machozi yalinitoka kwa furaha. Nikafunga fundo. Nikakata uzi kwa meno. Nikahamia upande wa kulia.

Kandambili kwenye ngazi.

Hazikuwa na haraka. Nilitia wembe kwenye mshono. Nyuzi mbili. Tatu. Mlango ukasukumwa.

"Umeshaona," akanong'ona.

Hakukasirika. Alisimama pale na kikapu chake cha soko kikiwa kitupu.

"Wewe ni nani?" nikanong'ona.

"Mama, kama wengine. Wifi yako amengoja miaka minane. Wangu amengoja zaidi." Akalitazama gauni kwa upendo. Huo upendo ndio ulionitisha. "Mmoja wenu, mmoja wetu. Acha hapo ulipofika. Ukigusa upande wa pili, wote watabaki hapa."

Nilikuwa na wembe mkononi. Umebaki mshono mmoja. Labda dakika kumi. Yule mama hakuwa na nguvu za kunizuia.

Gauni likageuka kwenye msumari. Madirisha yalikuwa yamefungwa, hapakuwa na upepo. Liligeuka polepole mpaka mbele yake ikanielekea mimi, likatulia.

Mimi ninayeshuku kila kitu, mimi ninayenusa chai kabla ya kunywa, siku hiyo nilimwamini mtu. Nikauweka wembe mfukoni, nikapita pembeni yake, nikashuka.

Nilimwamsha Fundi nikamdanganya kuwa kaka amepiga simu, mama anaumwa. Aliamka ameshika kiuno, tumbo limemrudi kidogo, upande mmoja. Alinung'unika njia nzima juu ya mapazia ambayo hayajaisha, na jina letu litakavyochafuka. Alipokuta mama yuko mzima anakuna nazi, aliniangalia jicho ambalo hakuwahi kuniangalia kabla.

Kliniki wakamweka tena kwenye mashine. Daktari alizungusha kile kifaa muda mrefu. Akazungusha tena. Akaita mwenzake.

"Yuko mmoja," akasema. "Mzima kabisa."

"Wawili," kaka akasema. "Tuna picha."

Daktari aliichukua picha, akaigeuza huku na huku. Hakukuwa na damu iliyotoka, hakukuwa na maumivu, hakukuwa na dalili yoyote kwamba kulishawahi kuwa na wa pili. Mwishowe akasema aliyempima mwanzo huenda aliona kivuli. Kaka alitoka nje akasimama ameegemea ukuta. Fundi hakulia. Alikaa anapapasa tumbo lake upande wa kulia, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka pale jana.

Mama alinihesabia tu kwa macho nilipoingia mlangoni, na tangu siku ile haniachii mtoto wa mtu nimbebe peke yangu. Simlaumu. Anashuku, na amenizaa yeye, ni haki yake. Sijamwambia mtu juu ya wembe na zile nyuzi tatu. Ningeanzaje? Kila usiku nashona upande wa kulia mpaka mwisho, halafu naamka.

Mtoto alizaliwa wakati wake, wa kike, mnene, mpiga mateke. Fundi amenisamehe nusu. Tunafanya kazi pamoja, tunataniana, ila akiwa na mtoto mgongoni hanigeuzii mgongo.

Wiki iliyopita alikuja mpeleka mizigo na kifurushi kidogo. Kilikuwa na tepu ya kupimia ya Fundi, tuliyoisahau kule. Hakikuwa na barua. Fundi alifurahi, akaivaa shingoni akarudi kwenye cherehani, akaniachia karatasi iliyofungia niitupe.

Nikainyoosha kwanza. Ndivyo nilivyo.

Ndani mlikuwa mmechorwa unyayo wa mtoto kwa penseli, kama watu wanavyochora wakitaka kuagiza viatu. Mstari ulianza vizuri kisiginoni, ukapanda ubavuni, ulipofika vidoleni ukaruka na kuyumba. Mtoto alitekenyeka akavuta mguu. Aliyechora alimshika tena akamalizia.

Niliichukua karatasi nikaenda chumbani. Wetu alikuwa amelala. Nilimshika mguu taratibu nikauweka juu ya ule mchoro. Ulilingana, mpaka kile kidole gumba kilichojitenga, cha kaka, ambacho tulimcheka nacho tangu utotoni.

Nilikaa pale mpaka Fundi akaniita mara ya pili. Kisha nikaikunja karatasi, nikaitia kifuani, nikamwambia naenda kununua uzi. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi viatu.

Mzee yule aliinyoosha juu ya goti lake, akapima, akatabasamu alipofika pale penseli iliporuka.

"Huyu mtundu," akasema. "Mtoto wa nani?"

"Wa kaka yangu," nikasema.