Ubao wa Mama Mkwe Kando ya Sinki

Mwezi wa Agosti, jikoni kwetu mjini Łódź, Poland, hapakaliki kwa mvuke. Ni msimu wa kuhifadhi matango kwa maji ya chumvi kwenye mitungi ya kioo. Mimi Danuta huosha mitungi mpaka vidole vinakunjamana.

Mama mkwe alipofariki, mume wangu Leszek aliomba kitu kimoja tu: ubao ambao mama yake alikandia tambi miaka arobaini. Akauunganisha na meza ya jikoni, kando ya sinki. Juu yake akatandika kitambaa cha plastiki chenye maua, kama nyumba zote za huku.

"Usichakae," akasema.

Agosti ile nikasikia harufu ya uvundo. Nikafunua kitambaa. Kwenye kiungo, ubao wa meza wa upande wa sinki, ule wa maranda yaliyogandishwa kwa gundi, umevimba kama andazi. Ubao wa mama una madoa meusi.

Leszek akajibwaga kitini. "Nimemuozesha mama."

"Mama kapumzika zake. Ulichoozesha ni mbao."

Hakucheka. Nikamwita Bwana Ryszard, fundi mstaafu wa ghorofa ya pili.

"Kwenye kiungo ulipaka nini?" akauliza.

"Sikupaka. Nilifunika."

"Umeyavalisha maji koti! Yakiingia kwenye mwanya, chini ya plastiki yatakaukaje?"

"Basi, ubao wa mama ni wa kutupa?"

Ryszard akaukwaruza kwa ukucha. "Huu ni mti kweli, utapona. Wa maranda ukishavimba haurudi. Nunua mwingine."

Ubao wa mama ukakaa wiki mbili penye hewa. Leszek akanunua ubao mpya wa meza, kisha akaondoa madoa ya ule wa mama kwa msasa, akaupaka mafuta ya mbegu za kitani juu na chini.

"Ncha za kiungo usipake mafuta," Ryszard akamwonya. "Zipake vanishi mara mbili, mbao zote mbili. Palipopita msumeno ndipo panapokunywa maji."

Vanishi ilipokauka, wakajaza silikoni, gundi isiyopitisha maji, ncha nzima, wakakaza bolti kwa chini mpaka silikoni ikatokeza kote. Wakafuta iliyozidi. Siku nzima hatukugusa maji.

Kesho yake Ryszard akamwaga kikombe cha maji juu ya kiungo. Leszek akalala chali chini ya meza na tochi. Tukangoja.

"Vipi huko, umelala?" nikamuuliza.

"Pakavu!" akapaza sauti. "Danuta, pakavu kabisa!"

Jumapili akakanda mwenyewe tambi za supu ya kuku juu ya ubao wa mama. Zilitoka nene kama kamba za viatu. Mama yake angemcheka mpaka machozi. Tulizila zote.