Kofia Kwenye Msumari

Nyumbani kwa Adelmo siku huanza na ng'ombe. Kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Minas, huko Brazili, ng'ombe wako langoni wanalia. Adelmo huvaa viatu vya mpira na kofia yake ya majani makavu, hushika ndoo na kutoka. Mkewe, Zulmira, huwasha jiko la kuni na kuchemsha kahawa. Huoka pia mikate midogo ya jibini, na harufu yake humfikia Adelmo huko huko zizini.

Maziwa yakishakamuliwa, hayana subira. Adelmo huyachuja yangali na joto la ng'ombe na kuyamimina kwenye pipa kubwa. Kisha hutia dawa ya kugandisha, na hutia matone. Matone ni maji yanayochuruzika usiku kutoka kwenye jibini za jana zilizotiwa chumvi. Watu wa kule huyaita pingo, na ndiyo chachu yao. Jibini ya leo huanzishwa na matone ya jana, na ya leo hutoa matone ya kesho. Hakuna duka linalouza kitu hicho.

Mwaka mmoja Zulmira alijifungua kabla ya wakati wake. Mtoto alikuwa mdogo, anaenea kwenye viganja viwili vya mikono. Hospitali ya mjini walimlaza kwenye kisanduku cha joto. Adelmo alisimama nje ya kioo, kofia mkononi, akamwahidi Mungu kimoyomoyo.

"Mungu wangu, niachie mtoto huyu. Nami nitasali saa nzima kila alfajiri, nimepiga magoti, kabla sijagusa ng'ombe. Nitafanya hivyo mpaka nife."

Hakumwambia mtu yeyote.

Mtoto akapona, wakamwita Dalva. Jirani yao, Bi Ondina, akawa mama yake wa ubatizo. Bi Ondina ni mjane, naye anatengeneza jibini. Padri asipokuwepo, yeye ndiye anayeongoza sala katika kanisa dogo la kijiji. Siku ya ubatizo Adelmo alilia mbele za watu, wala hakuona haya.

Basi akaanza kutimiza ahadi yake. Siku za mwanzo alisali kwa moyo wote. Lakini alikuwa akimaliza maneno yote anayoyajua, akitazama saa, anakuta muda bado mwingi. Akawa anarudia. Magoti yakamuuma, kope zikawa nzito. Asubuhi moja Zulmira alimkuta kichwa kimelala juu ya kitanda, magoti yakiwa sakafuni.

"Adelmo! Unamsalia Mungu au unamkoromea?"

Adelmo akakurupuka. Jua lilikuwa limekwisha toka. Ndama walikuwa wameruka ua, wamenyonya karibu maziwa yote. Kwa haraka ya asubuhi ile, Adelmo hakuosha vizuri ndoo ya matone. Matone yakaharibika. Jibini zilizofuata zikavimba, zikajaa matundu na kunuka, wakawapa nguruwe.

"Kesho nitasali mara mbili, nifidie ya leo," Adelmo alijisemea. Kesho yake hakuamka kabisa. Keshokutwa akaona haya hata kuanza. Baada ya hapo hakusali tena. Jumapili alisema kichwa kinamuuma, hakwenda kanisani. Hata mezani aliacha kushukuru kwa ajili ya chakula.

"Siku hizi tunakula kama kuku," Zulmira alisema. "Hata asante hakuna."

"Wewe kula tu, Zu."

Adelmo alifikiri moyoni: sala ndefu imenishinda, hii fupi ya nini?

Kisha usiku mmoja Dalva akaanza kukohoa. Asubuhi ilipofika alikuwa na pua iliyoziba na macho mekundu. Adelmo alipomwona, alikaa juu ya gunia la chumvi.

"Anamchukua," alisema. "Nimevunja ahadi, sasa anamchukua."

"Nani anamchukua nani?" Zulmira aliuliza.

Hapo ndipo Adelmo alipomweleza yote: kioo, kisanduku cha joto, ile saa nzima ya kupiga magoti. Zulmira alimsikiliza mpaka mwisho, mtoto begani.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unamkwepa Mungu!" alisema. "Mume wangu, mtoto ana mafua. Mimi nampeleka kliniki sasa hivi. Wewe chukua chupa, nenda kwa Bi Ondina ukaombe matone, maana yetu yameoza. Na hayo uliyoniambia mimi, ukamwambie na yeye."

Adelmo alikwenda. Alimkuta Bi Ondina kwenye chumba chake cha jibini, mikono imeloa mpaka kwenye viwiko, anakandamiza jibini kwa kitambaa.

"Karibu, baba Dalva. Chupa hiyo naielewa. Yameharibika?"

"Yameharibika, Bi. Siku nyingi sasa."

"Mbona hukuja mapema?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Mwezi wa mvua si nilikuja kwako na chupa kama hiyo? Kila mtu huku yamemharibikia. Lete hapa."

Alimjazia. Adelmo akaipokea, lakini hakuondoka. Akaanza kueleza, huku anaizungusha kofia mikononi. Bi Ondina alimsikiliza huku anakandamiza jibini. Adelmo alipomaliza, yule mama alifuta mikono.

"Ulipokuwa pale kwenye kioo, Mungu alikwambia anataka saa nzima?"

"Hapana. Nilisema mwenyewe."

"Umesema mwenyewe, halafu unamkimbia mwenyewe. Maskini Mungu, hata hajafungua mdomo!"

Adelmo alitaka kucheka, ikashindikana. "Lakini niliahidi, Bi. Kama ndiyo sababu mtoto anaumwa?"

"Sikiliza, mwanangu. Mungu si mtu wa kumnunia mtoto mchanga kwa sababu baba yake amesinzia. Alikupa Dalva kwa kuwa anampenda. Mafua ni mafua, kliniki watayatazama. Ahadi si mchezo, hilo sikatai. Jumapili padri anakuja, mweleze. Ahadi iliyokushinda anaweza kukubadilishia, ukapewa unayoiweza. Hutakuwa wa kwanza. Marehemu mume wangu aliahidi kwenda kwa magoti mpaka kanisa la mjini, na kitambi kile! Padri alimbadilishia kabla hajafika darajani."

Safari hii Adelmo alicheka.

"Sasa nisali vipi? Mimi alfajiri nimechoka."

"Ukishatia dawa na matone, unafanya nini?"

"Nafunika pipa, nangoja maziwa yagande."

"Na mikono?"

"Haina kazi. Navuta sigara."

"Basi hapo hapo. Usitafute wakati mpya, utaukosa. Sali wakati ulio nao tayari. Vua kofia, itundike msumarini. Kofia ikiwa msumarini, wewe uko na Mungu. Mshukuru kwa jambo moja la jana, ulitaje. Usiseme asante kwa yote, hiyo ni njia ya kusema haraka uondoke. Mwombe jambo moja la leo. Sema Baba Yetu. Nyamaza kidogo, umsikilize na yeye. Kisha vaa kofia."

"Ni hayo tu?"

"Kwenye pipa zima unatia matone kiasi gani?"

"Kikombe kimoja."

"Na maziwa yote yanageuka. Ungeamua kutia ndoo nzima siku moja, halafu usitie tena mwezi mzima, ungekula jibini?"

Adelmo alitikisa kichwa. "Na nikisahau?"

"Utasahau. Mimi mwenyewe nasahau. Ukisahau, usiseme kesho nitafidia. Anza tena palepale unapokumbuka, hata kama ni mchana, hata kama uko juu ya farasi. Na peke yako ukishindwa, njoo tusali wote. Umekuja na chupa kuomba matone. Kuomba mwenzio asali nawe kuna tofauti gani?"

Akafunika pipa lake, akamwonyesha kwa kidole msumari uliokuwa mlangoni. Adelmo akatundika kofia. Wakasimama wote wawili, na Adelmo akaitazama kofia yake.

"Jambo moja," Bi Ondina alimnong'oneza. "La jana."

"Asante," Adelmo alianza. "Asante kwa kuwa Dalva alikohoa usiku kucha. Maana anapumua. Mwaka huu wote anapumua, na mimi sijakushukuru, nilikuwa naogopa tu."

Wakasema Baba Yetu. Adelmo aliondoka na chupa kifuani, ameifungia ndani ya shati asije akaidondosha. Moyo wake ulikuwa mwepesi, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali alijisikia mwenye furaha tupu, isiyo na woga ndani yake.

Kliniki walisema ni mafua. Walimwonyesha Zulmira jinsi ya kumsafisha mtoto pua, wakamwambia amnyonyeshe mara kwa mara, na arudi haraka akiona anahema kwa shida. Siku chache baadaye Dalva alikuwa anavuta masikio ya mbwa kama kawaida yake. Jumapili padri alimsikiliza Adelmo nyuma ya kanisa, akambadilishia ahadi ile kubwa kwa sala fupi ya kila siku.

Haikuwa rahisi mara moja. Kuna asubuhi ng'ombe alizaa kwa shida, na kofia haikuona msumari mpaka jioni. Kuna wiki Adelmo alisahau kabisa, akaenda kwa Bi Ondina bila chupa, wakasali wote na kunywa kahawa. Lakini kila alipoanguka alianza tena siku ile ile aliyokumbuka. Zulmira naye akawa anakuja na vikombe vya kahawa maziwa yanapogandishwa, mtoto kiunoni, na kusimama pembeni yake.

"Asante kwa mvua ya jana," Adelmo husema.

"Asante kwa mume wangu," Zulmira husema, "ambaye jana alikumbuka kuvua viatu vyenye samadi kabla ya kuingia jikoni."

"Hilo nalo ni la kumwambia Mungu?"

"Nani mwingine angeamini?"

Adelmo aligundua kitu ambacho hakufundishwa na mtu. Kwa kuwa kesho atataja jambo moja, mchana alikuwa akilitafuta. Alianza kuona vitu: jirani aliyemfungia lango, ndama aliyesimama, Zulmira akiimba anapofua. Mema hayo yalikuwapo siku zote. Mezani nako wakarudi kushukuru.

Mwaka mwingine ukapita. Asubuhi moja Adelmo alichelewa. Mnunuzi wa jibini alikuwa anapiga honi barabarani. Adelmo alitia dawa, akatia matone, akafunika pipa haraka, akainama kubeba sanduku la jibini zilizokauka. Kofia ilikuwa kichwani.

Dalva alikuwa amesimama mlangoni, ana mkate wa jibini mkononi. Aliuweka mkate chini. Akamwendea baba yake, akanyoosha mkono, akaivua ile kofia. Kisha akaenda nayo mpaka kwenye msumari, akajinyoosha kwa vidole vya miguu. Hakuufikia. Akageuka, akamtazama baba yake na kungoja.

Honi ililia tena. Adelmo aliweka sanduku chini. Akamnyanyua mtoto wake juu, mpaka kofia ikafika kwenye msumari.

"Leo nashukuru kwa jambo gani, Dalva?" alimwuliza.

Dalva alifikiri. Kisha akajigusa kifua chake mwenyewe kwa kidole.

"Mimi," alisema.