Kidonge cha Siku za Msiba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yayra alimwagilia matuta ya vitunguu nyuma ya nyumba, kisha akampelekea bibi yake kidonge cha presha na kikombe cha maji. Kazi hiyo alipewa na mama yake, Enyonam, ambaye alitoka alfajiri kwenda kuuza vitunguu katika soko la Anloga. Bibi Kafui alimeza kidonge huku amekunja uso, akinung'unika kwamba tangu aanze dawa hiyo amegeuka mlinzi wa choo.

Kisha Dzigbordi, dada yake Bibi, akafariki. Yeye ndiye aliyekuwa akimsuka Yayra nywele kila Jumapili. Yayra hakulia. Watu walimpa pole naye akaitika, lakini ilikuwa kana kwamba anaambiwa mtoto mwingine aliyesimama nyuma yake.

Nyumba ikajaa watu waliovaa nyeusi na nyekundu. Bibi, kwa kuwa ndiye ndugu pekee wa marehemu aliyebaki, alipaswa kukaa kiti cha mbele chini ya turubai na kupokea mikono ya pole kutwa nzima. Alhamisi, Yayra alipoleta kidonge, Bibi alikisukuma.

"Kirudishe kwenye kopo la dawa, mjukuu wangu. Ukoo mzima unakuja kunipa mkono, halafu wakute kiti kitupu, mimi niko chooni? Watanicheka mpaka nami nizikwe."

"Na mama akiuliza je?"

"Mama yako ana wageni wa kulisha, usimsumbue. Kwani mimi naumwa? Hebu nitazame." Akachezesha mabega kama mtu aliyesikia ngoma, na Yayra nusura atabasamu.

Akakirudisha. Ijumaa ikawa vivyo hivyo. Mama alipouliza kama Bibi amekunywa dawa, Yayra aliitikia kwa kichwa. Hakuona hofu wala aibu. Hakuhisi chochote.

Jumamosi, baada ya maziko, foleni ya watu ilizunguka turubai. Yayra alikuwa akigawa maji. Mzee mmoja alimnyooshea Bibi mkono, lakini mkono wa kulia wa Bibi ukabaki pajani. Alijaribu kusema, maneno yakatoka yamevurugika, na upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umelegea.

Mjomba Agbeko alisema ni uchungu tu, kufiwa na dada si mchezo, akaagiza Bibi apelekwe chumbani akalale. Wanawake wawili wakaanza kumwinua.

Yayra alisimama na sinia lake. Alijua jambo ambalo hakuna mwingine pale aliyelijua. Alijua pia kwamba akilisema, ukoo mzima utasikia habari ya choo, na mama atajua alidanganywa. Akaweka sinia chini.

"Bibi hajanywa dawa ya presha tangu Alhamisi," alisema. Sauti yake ilitoka kavu, kama anayesoma ubaoni. "Mimi ndiye niliyerudisha vidonge koponi."

Mama alimtazama mara moja tu, kisha akamwambia Agbeko alete gari. Agbeko akasema watu hawajamaliza kutoa pole.

"Watamalizia hospitali," alisema mama.

Huko walikuta presha imepanda mno, na damu ilikuwa haifiki vizuri kwenye ubongo. Daktari alisema kwamba Bibi angeachwa alale nyumbani, huenda asingeamka. Baada ya siku chache maneno yake yalinyooka, na mkono ukafuata polepole.

Muuguzi Delali aliuliza kwa nini dawa iliachwa. Bibi akageukia ukutani, hivyo Yayra ndiye aliyeeleza. Muuguzi hakucheka.

"Bibi, ungeniambia. Dawa za presha ni nyingi, ipo isiyokukimbiza chooni. Lakini siwezi kubadilisha nisichokijua."

"Nikueleze mambo ya choo, wewe kitoto?"

"Kitoto hiki kimekuchoma sindano ngapi wiki hii?"

Bibi alicheka, mdomo ukiwa bado umepinda kidogo.

Walipotoka wodini, mama alimshika Yayra bega. "Presha haina kelele, mwanangu. Mtu anacheza asubuhi, jioni hawezi kushika kijiko. Ndiyo maana dawa yake hunywewa kila siku, hata ukijiona mzima. Na siri inayoweza kumuua mtu usiitunze, hata ukiombwa na mkubwa. Ulichelewa kusema, na ulinidanganya. Lakini ulisema mbele ya watu wote, ndiyo maana bado tuna bibi."

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi nyumbani, Yayra alileta kidonge kipya na kikombe cha maji. Bibi alikimeza bila kunung'unika, kisha akanyoosha mkono wa kulia.

"Ukoo mzima umenipa mkono wa pole," alisema. "Wewe bado."

Yayra akampa wake. Vidole vya Bibi vilijikunja kimoja kimoja, vyenye joto, bila nguvu nyingi. Yayra aliinamisha uso juu ya vidole hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu Dzigbordi afariki, akalia.