Printa Iliyonyamaza Wakati wa Mvua ya Mawe

Beldina Nekesa hakuwa mtu wa kununua kitu kwa macho ya juujuu. Alhamisi ya tarehe 21 Machi 1996, mvua za kupanda zikiwa zimeanza kunyesha Likuyani, alisimamisha magunia mawili ya mbegu ya mahindi ukutani mwa jiko lake na kuzisoma lebo zilizofungwa shingoni kabla ya kukata kamba. Jina la Ushirika wa Mbegu wa Nabwala lilikuwapo, aina ya mbegu ilikuwapo, nambari pia. Tatizo ni kwamba nambari ilikuwa ile ile kwenye magunia yote mawili.

Akakata kamba. Punje za juu zilikuwa na rangi ya waridi ya dawa ya mbegu, kama inavyotakiwa. Akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa punje za katikati. Hizo zilikuwa nyeupe, zimetobolewa, na fukusi wakamtambaa kiganjani. Yalikuwa mahindi ya posho, ya kula tu, yaliyonunuliwa sokoni na kupakwa rangi. Jirani zake nao walifungua magunia yao, na kabla ya adhuhuri Beldina alikuwa njiani kuelekea Kakamega na lebo zake mbili ndani ya leso.

Aliyezipokea ni Inspekta Zuena Wangatia wa upelelezi, mwanamke wa Mumias aliyekuwa na desturi ya kusikiliza huku akichonga penseli, jambo lililowaudhi sana waongo. Beldina alimwambia maneno machache tu.

"Mwanangu, mvua haitaningojea. Nitapanda nini?"

Zuena aliweka penseli chini. Alichukua gari la kituo akaenda ofisi za ushirika, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Khayega. Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali yenye veranda mbele na ghala nyuma. Alipozunguka ghala aliona mabati ya paa yamekula kutu yote, isipokuwa mawili yaliyong'aa upande wa magharibi. Akayatazama, akaingia ndani.

Meneja, Bwana Bramwel Andati, alimpokea kwa soda na masikitiko. Alikuwa ametoka Nairobi mwezi wa pili tu, mtu wa tai na mkoba, na alisema waziwazi kwamba kuna mtu anayetaka kumwaibisha kabla hajaizoea kazi. Alisisitiza kuwa lebo ni bandia, zimechapishwa kwingine.

Zuena alizilinganisha na lebo halali. Katika zote mlipita mstari mwembamba mweupe, ukikata kila herufi mahali pamoja. Aliyemweleza sababu ni fundi wa kompyuta, Abdulnasir, kijana mtaratibu wa Matungu. Walisalimiana kwa salamu za kwao na kuulizana habari za watu wa nyumbani, ndipo fundi akasema kwamba kichwa cha printa yao kina pini moja iliyovunjika tangu Krismasi.

"Afande, hizo lebo zimetoka hapa hapa. Sitakudanganya," alisema.

Basi mwizi alikuwa ndani ya nyumba. Zuena akaomba kuonyeshwa printa hiyo, akaikuta kwenye meza ya karani Rosebella Ayuma, imeungwa kwa waya si kwa sava, ile kompyuta kuu ya ofisi, bali kwa mgongo wa skrini ya karani huyo. Aliuliza kwa nini iwekwe kishenzi namna hiyo. Abdulnasir hakulipenda neno hilo. Kazi ile aliihangaikia wiki nzima.

Alieleza kwamba sava yao ya Unix ililetwa na wafadhili bila tundu la printa, lile pana linalojulikana na watu wote. Ilikuwa na matundu madogo ya kuunga skrini za wafanyakazi, na yote yalishajaa: moja la Rosebella, moja la ghala, moja la meneja, na moja la chumba chake mwenyewe. Lakini skrini ya Rosebella ilikuwa na tundu la ziada mgongoni. Akaiunga printa hapo. Sava ikitaka kuchapisha, huitumia skrini ile alama maalumu. Skrini ikiiona, haionyeshi maneno yanayofuata, inayapitisha tu hadi kwa printa.

"Kwa hiyo kila kinachochapishwa hupitia kwa Rosebella?" Zuena aliuliza.

"Kila kitu, afande."

Sentensi hiyo ndiyo iliyompeleka Rosebella rumande. Kilichofuata kilizidi kumdidimiza. Kumbukumbu za sava zilionyesha kuwa lebo zile ziliagizwa Jumatano tarehe 13, kwa jina la Rosebella. Kumbukumbu hizo huhifadhi jina na saa, hazisemi agizo lilitoka kwenye skrini ipi. Mwenyewe alikiri kuwa siku hiyo zilitoka lebo nyingi mbele yake, akazikusanya na kuziweka kwenye sanduku la karatasi, akidhani ni za ghala. Asubuhi hakuzikuta.

Zuena hakuwasahau wengine. Kimutai, mtunza ghala, ndiye aliyeyatoa magunia kwa mkono wake, na kwa nusu siku alionekana ndiye mwizi hasa. Lakini wiki ya tarehe 13 alikuwa likizoni kwao, akimwuguza baba yake, na daktari wa zahanati alimthibitisha. Ufunguo wa ghala aliuacha ofisini kwa meneja, kama kila mwenye likizo afanyavyo. Abdulnasir alisema kuwa Jumatano hiyo alikuwa pamoja na Rosebella mchana kutwa. Bwana Andati akatabasamu, akamnong'oneza Zuena kwamba wawili hao hunywa chai kikombe kimoja; ushahidi wa fundi uchukuliwe kwa thamani hiyo.

Ijumaa jioni, basi, Rosebella alivua viatu na mkanda kwenye kaunta ya kituo. Jumatatu angefikishwa mahakamani. Huko Likuyani watu walikuwa tayari wanalitaja jina lake kama wanavyomtaja mwizi wa ng'ombe.

Usingizi wa Zuena usiku huo haukuwa mzuri. Kitu kilimkera, naye hakukijua hadi alipokaa na uji asubuhi akajiuliza swali la kitoto: mtu mwenye akili ya kughushi mbegu atachapishaje nambari zile zile mara mbili? Akaliacha bakuli, akaenda rumande.

Rosebella alikuwa amelia hadi akachoka kulia. Zuena alimpa chai na kumtaka aieleze tena Jumatano ile, polepole.

"Mchana radi ilianza," Rosebella alisema. "Radi ikianza sisi huwanga tunachomoa kila kitu isipokuwa sava, madam. Mwaka juzi iliunguza simu na feni. Nikachomoa skrini, tukatoka veranda na Abdulnasir. Mvua ya mawe ilipiga, hatukusikizana."

"Mlikaa huko kwa muda gani?"

"Mpaka ikaisha. Nilikuja kurudisha plagi karibu saa kumi na nusu. Hata sijakaa, printa ikaanza yenyewe. Hiyo si ajabu. Mtu akiagiza kama nimezima, agizo linangojanga. Abdulnasir alitufunza Januari: ukiona kimya usirudie, ngoja."

Penseli ya Zuena ilisimama. "Nani alikuwapo mlipofunzwa?"

"Sisi wote. Meneja mpya alikuwa hajakuja."

"Na neno lako la siri la kuingilia kwenye kompyuta, nani analijua?"

"Mimi. Na yeye. Alipofika alitaka kila mtu ampelekee lake, ati kukiwa na dharura."

Zuena alipiga simu ushirika, akamwomba Abdulnasir amsomee saa za maagizo. Mara ya kwanza alikuwa amesoma jina tu, akaridhika, na sasa aliona aibu. Yalikuwa maagizo mawili yaliyolingana kwa kila kitu, moja la saa tisa na dakika arobaini, jingine la saa tisa na dakika hamsini.

"Mvua ya mawe ilipiga saa ngapi siku hiyo?"

"Ilinikosesha msikiti, afande. Wakati wa adhana ya alasiri nilikuwa veranda kwa nusu saa tayari, sikuweza kutoka."

Na Zuena aliikumbuka. Siku hiyo yeye mwenyewe aliswali alasiri kituoni, mabati yakipigwa juu ya kichwa chake hadi akapotewa na hesabu ya rakaa. Adhana msimu huo ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache. Basi maagizo yote mawili yalitolewa wakati skrini ya Rosebella haina umeme. Alituma konstebo wawili Shianda, kuangalia ghala ambalo Abdulnasir alisema meneja amelikodi kwa ajili ya mbolea ya miwa yake, akamtoa Rosebella rumande kama alivyo, bila kungoja viatu vyake vitafutwe, wakaenda ushirika.

Saa nne na nusu Jumamosi hiyo, Rosebella akiwa bado ndani ya gari, Zuena alichomoa skrini ya meza yake kwa mkono wake na kufunga mlango wa chumba. Kisha akamwomba Kimutai, kwenye skrini ya ghala, achapishe lebo moja ya mfano kwa ajili ya mahakama. Kimutai alibonyeza, akasikiliza, akachungulia dirishani kwa karani.

"Imezimwa," alisema. "Tutangoja iwashwe, afande." Akarudi kwenye magunia yake.

Ofisini kwa meneja ombi lilikuwa lile lile. Bwana Andati alifurahi kusaidia. Alibonyeza, akangoja, akatega sikio. Kimya. Akazungumza kidogo juu ya vifaa vya wafadhili. Akabonyeza tena.

"Hii mashine wakati mwingine haisikii," alisema.

"Hata Jumatano ya mvua ya mawe haikusikia?" Zuena aliuliza.

Andati alijibu upesi kwamba Jumatano hiyo hakugusa kompyuta, kulikuwa na radi. Zuena akamwomba amfuate.

Chumbani kwa karani walikusanyika wote: Kimutai, Abdulnasir, meneja na Beldina, aliyekuwa amelala mjini kwa binamu yake ili ajue mwisho wa jambo hilo. Rosebella aliletwa, miguu mitupu kwenye saruji. Andati alimtazama miguu, kisha akatazama pembeni.

"Washa," Zuena alimwambia.

Rosebella alipiga magoti, akarudisha plagi. Skrini ikapata nuru. Printa ikajikohoza, ikaanza kuchapa. Ilitoa lebo ya Kimutai. Ikatoa ya meneja. Ikasita kidogo, kisha ikatoa ya meneja tena.

"Zisome," Zuena alisema.

Rosebella alizichana, akazisoma kwa sauti. Ya kwanza ilikuwa na nambari yake. Ya pili na ya tatu zilikuwa na nambari moja. Beldina akafungua leso yake, akaziweka lebo zake mbili mezani kando ya hizo.

Zuena akaeleza kwa utaratibu, kwa sababu alitaka Rosebella asikie kila neno. Lebo za Likuyani ziliagizwa mara mbili na mtu aliyedhani agizo la kwanza limepotea. Fundi asingerudia, mfumo ni wake, na skrini yake nayo ilichomolewa kwa sababu ya radi. Rosebella asingerudia, na skrini yake haikuwa na umeme. Kimutai alikuwa kwao. Zilibaki skrini mbili, ya ghala na ya ofisi ya meneja, na siku hiyo funguo za vyumba vyote viwili zilikuwa kwenye mfuko mmoja.

"Uliona wote wamekimbilia veranda, ukajua chumba kiko tupu," alimwambia meneja. "Uliagiza kwa jina lake, ukaja kuchukua, ukakuta printa imenyamaza. Ukarudi ukaagiza tena. Hukujua kwamba kilichowatoa watu chumbani ndicho kilichoizima printa. Jioni ulikuta lebo mara mbili ya ulizotaka, ukazikata, zikachanganyika, ukafunga zilizokuja mkononi."

Andati alianza kusema kwamba kubonyeza kitufe mara mbili si kosa la jinai. Hapo redio ya gari ikaita. Konstebo walikuwa Shianda, ndani ya ghala lake la mbolea. Walikuwa wamekuta debe la rangi ya waridi na magunia ya ushirika yaliyojaa mahindi yaliyoota na kuvunda.

"Yameota?" Kimutai aliuliza. Akageuka kutazama nje, kwenye yale mabati mawili mapya, na uso wake ukabadilika. "Nilikwambia kabla sijaenda likizo. Nilikwambia hilo paa limetobolewa na mvua ya mawe ya Februari."

Andati akaketi kwenye kiti cha Rosebella bila kukaribishwa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba alikusudia kulitengeneza kesho yake, na kesho yake ikawa na mambo mengine, kisha usiku mmoja mvua ikanyesha na mbegu ya Likuyani yote ikalowa. Alikuwa na majuma matatu tu kazini. Huko Nairobi walishamwambia kuwa hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Alinunua posho akidhani nusu yake itaota, na lawama zitaangukia mvua.

"Na mimi?" Rosebella aliuliza. "Mimi lawama zangu zingeangukia nini?"

 Zuena alimwinua Andati kwa kumshika kiwiko na kumkabidhi kwa dereva wa gari la kituo.

Kisha akamgeukia Rosebella, akamwambia kwamba alimkosea, na kwamba Jumatatu atakwenda yeye mwenyewe Likuyani kusema hivyo hadharani sokoni. Rosebella aliitikia kwa kichwa. Hakusema amesamehe, na Zuena hakumlaumu kwa hilo.

Mbegu halali ilikuwapo, ile iliyowekwa kwa ajili ya wilaya nyingine ambayo mvua zake huchelewa. Kimutai alipiga simu mbili akaruhusiwa kuitoa. Rosebella alibadilisha neno lake la siri, hakumwambia mtu, kisha akaketi kuchapisha lebo za Likuyani, Beldina akiwa amesimama nyuma yake akikagua kila nambari inayotoka.

Walikuwa wamefika katikati radi iliponguruma upande wa msituni. Rosebella aliinama akachomoa plagi, printa ikanyamaza, na wote wakatoka kwenda veranda.

"Hizo zilizobaki?" Beldina aliuliza kwa wasiwasi, akitazama mawingu.

"Zinangoja, mama," Rosebella alisema. "Hazipotei."