Kisanduku cha Muuza Mapazia

Gari lilikuwa limesimama ndani ya karakana, linanguruma, hakuna mtu kwenye usukani, na resi ikapanda yenyewe. Haikupanda sana. Ilipanda kama vile mtu amekanyaga mafuta kidogo, akasita, akaachia.

"Umeona?" mwenye gari alimwuliza kaka yake, ambaye ndiye fundi. "Ndiyo hiyo. Jana pale wanapovuka wanafunzi nimekanyaga breki kwa miguu miwili, kaka. Miwili! Na mwanangu yuko nyuma."

"Mguu wako mzito."

"Mguu gani? Si nimesimama hapa na wewe?"

Kweli bwana, alikuwa amesimama pale pale, mikono kiunoni. Fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Mtaani walimwita Sikio, maana gari likipita tu alikuwa anakutajia ugonjwa wake bila kuinua macho. Mdogo wake huyu alikuwa mkunga, na bila gari asingewahi kwa mama mwenye uchungu. Kompyuta ya gari lake, ile inayoamua injini inywe mafuta kiasi gani, iliingia maji ya mvua ikafa. Sikio akamfungia nyingine ya kisasa, kisanduku cheusi unachokiunganisha na laptopu ukaipangia injini mwenyewe unavyotaka. "Mpya kabisa hii," alimwambia. Mpya! Mungu amsamehe.

Basi alihangaika asubuhi nzima. Alibadilisha plagi. Akakagua mabomba ya hewa yasije yakawa yanavuja, akasugua waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, mpaka ukang'aa, akafuta mpangilio wote wa mafuta na kuuandika upya. Wapi! Resi ikaendelea kupanda na kushuka, taratibu, haina haraka na mtu. Kwenye laptopu, mstari wa pedali ya mafuta ulionyesha imekanyagwa nusu. Akainama, akachomoa waya wa pedali. Sasa pedali haikuwa imeungwa na kitu chochote. Mstari ulibaki pale pale, kisha ukapanda.

Hapo ndipo harufu ilipoanza kutoka kwenye matundu ya kiyoyozi. Udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi.

"Kaka, mbona unatetemeka?"

"Njaa."

Alivaa visikizio vyake, vile ambavyo waya wake hubanwa kwenye chuma cha injini ili fundi asikie mgongano ambao masikio matupu hayasikii. Akasikia mkanda unazunguka, akasikia vali zinapiga, halafu chini ya hayo yote, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu, akasikia pumzi, ndefu, inaingia na kutoka sambamba na resi, na ndani ya pumzi ile ikaja sauti aliyoijua kuliko sauti zote duniani, kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe, inacheka, inasema, "Mguu wako mzito, bwana. Gari halina tatizo. Nenda."

Akavivua visikizio, akavitupa. Alikumbuka vizuri sana alimwambia nani maneno yale.

Rafiki yake muuza mapazia ndiye aliyefungiwa kisanduku kile kwanza. Alirudi akilalamika kwamba gari linakwenda lenyewe, na Sikio, aliyekipanga harakaharaka na hakutaka ionekane amekosea, akamcheka mbele ya wateja. Hakurudi tena. Gari lilipitiliza kona, likaishia bondeni. Mabaki yalipovutwa mpaka karakana, Sikio akakichomoa kisanduku kabla askari hawajaja kukagua, akakificha chini ya matairi, akaenda mazikoni, akashika koleo kama wengine, akamwambia mjane, "Kazi ya Mungu, shemeji." Angekitupa basi. Lakini fundi gani anatupa kifaa kizima? Alikifuta vumbi, akamfungia mdogo wake wa tumbo moja.

Mkunga ndiye aliyepiga simu. Alimfahamu bibi mmoja aliyetibu wenye majini; walizoea kukutana kwenye nyumba za wagonjwa. Bibi alikuja, akakaa juu ya tairi, akamtazama Sikio badala ya kulitazama gari.

"Kisanduku hiki umekitoa wapi, mwanangu?"

"Dukani, bibi."

Gari lilikuwa limezimwa na ufunguo ulikuwa mkononi mwa Sikio. Likawaka. Likawaka na resi ikapanda, ikapanda, ikapita pale injini inapoweza kufika bila kupasuka, mabati ya karakana yakaanza kutetemeka na spana zikaanguka moja moja kutoka ukutani, na harufu ya udongo ikawajaa puani mpaka mkunga akainama kukohoa.

"Sema tena," bibi alinong'ona. "Ukweli safari hii. Linakusikiliza."

Akasema. Alisema yote, huku akiitazama sakafu, na kadiri alivyosema ndivyo resi ilivyoshuka. Alipofika kwenye koleo, akauweka ufunguo sakafuni.

"Ukaniwekea mimi?" mkunga aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Kilikuwa kizima."

"Na mtoto wangu nyuma?"

Sikio akalia kwa aibu mbele ya mdogo wake, kilio ambacho hakukilia msibani. Bibi akaweka kiganja juu ya boneti, akasoma aliyoyajua, na injini ikakohoa, ikazimika. Kisanduku kilipochomolewa kilikuwa cha baridi, wakati injini nzima ilikuwa haishikiki kwa moto.

"Gari limepona," bibi alisema. "Ila hicho kilichokuwamo, mimi nimekitoa kwenye gari tu. Nenda kwa mjane, umwambie kwa kinywa chako, leo hii."

Alikwenda kwa miguu, mchana ule ule. Mjane alifungua mlango kabla hajabisha, uso umemchangamka.

"Karibu, shemeji! Umechelewa."

"Shemeji, nina jambo la kukwambia. Kuhusu marehemu."

Mjane akaweka kidole mdomoni, akatazama nyuma yake. "Usimwite hivyo, atakusikia," alinong'ona, akitabasamu. "Yuko chumbani. Tangu asubuhi anauliza kama fundi wake ameshafika."

Huko ndani kiti kilisogezwa. Sikio angeweza kukimbia. Mlango ulikuwa wazi na barabara ilijaa watu. Akavua viatu, akaingia.